Mgomba wa Mama Ndani ya Meli ya Vita

Nilipata kuwa mwanamaji kwa sababu ya kivuli. Tulikuwa vijana wengi uwanjani, jua la saa saba linatuchoma utosini, na afande aliyekuja kutuchagua akanyoosha mikono: wa nchi kavu waende kushoto, wa majini waende kulia. Kulia kulikuwa na mkaratusi. Mimi nikaenda kwenye mkaratusi. Sikujua kuogelea, sikuwa nimeliona ziwa, na maji mengi kuliko yote niliyoyafahamu yalikuwa mto Ruvubu, ambao niliuvuka mara mbili kwa mtumbwi nikiwa nimefumba macho. Leo nikiwaambia watu wa hapa Mabawe, Ngara, kwamba nilitumikia meli ya vita, wanavitazama vilima hivi vilivyotuzunguka, kisha wananitazama mimi, kisha wanaagiza pombe nyingine.

Basi na wacheke. Mimi najua nilichokiona, na ninachotaka kueleza hapa si habari ya mizinga. Mizinga ina wasimulizi wake. Nataka kueleza mzigo niliokwenda nao jeshini, ambao ulikuwa shati moja, kaptula moja, na mgomba.

Ni lazima nianze nyuma kidogo. Wakati wa vijiji vya Ujamaa tulitolewa kilimani, tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, kwa mstari ulionyooka. Sisemi mambo yote yalikuwa mabaya. Shule ilikuja karibu, na bomba pia lilikuja, ijapokuwa maji yenyewe hayakuwa na haraka ya kulifuata. Lakini mama aliacha kilimani shina la mgomba ambalo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa penye shina la mgomba wa nyumbani. Vitovu vyetu sote sita vilikuwa pale. Mama alipotaka kututisha alituambia tukifanya upumbavu mgomba utajua.

Wiki ile ile niliyoitwa jeshini, ikatangazwa kwamba kilima chetu cha zamani kitaingizwa kwenye shamba la kijiji, na trekta litakuja kulima. Mama hakubishana na mtu. Alichukua jembe, akapanda kilimani peke yake, akashuka na machipukizi mawili kichwani. Moja alilipanda nyuma ya nyumba mpya, kwenye ardhi ya changarawe ambayo hata magugu yaliiogopa. La pili alilifunga kwa magome makavu ya mgomba, udongo wake ukiwa ndani, akanikabidhi mimi.

"Ukifika unakolala, upande," aliniambia. "Mmoja ukifa, mwingine utabaki. Ikifa yote miwili, mwanangu, hapo ndipo tutakuwa tumehamishwa kweli."

Nilikwenda nao mafunzoni. Huko hapakuwa na shida, kambi ilikuwa na udongo. Niliupanda nyuma ya bafu, ukanywa maji ya sabuni ya kikosi kizima, ukazaa. Nilipopangiwa meli kule Mwanza nilichimbua mtoto wake mmoja mwenye afya, nikamtia kwenye gunia, nikaondoka na furaha zangu. Ule mkubwa niliuacha, na nikasikia baadaye kwamba waliukata ili kupanua bafu. Kwa hiyo aliyebaki alikuwa huyo wa kwenye gunia.

Kosa langu lilikuwa moja tu, na nadhani ni mtu wa milimani peke yake anayeweza kulifanya: nilidhani meli ina udongo. Usinicheke kabla hujafikiri. Tangu nizaliwe, kila mahali nilipowahi kuambiwa kwamba watu wanalala, wanapika na kufua nguo, palikuwa na sehemu ya kupanda kitu. Nilipoambiwa nitaishi ndani ya meli, nilijua kutakuwa na kauwanja kadogo, pengine kwa nyuma. Nilipanda ngazi, nikapiga saluti kwa kila aliyevaa kofia, kisha nikaanza kuizunguka ile sitaha na gunia langu begani. Chuma. Nikaenda tezi, nyuma kabisa, chuma. Nikashuka chini, chuma, na joto, na harufu ya dizeli.

Sajini wa sitaha, mtu wa Tanga, mnene, mwenye sauti ya kuuza maembe, alinifuata kwa macho mpaka akachoka.

"We kuruta, unatafuta nini?"

"Shamba, afande."

Aliligusa gunia kwa ncha ya kiatu. Kisha akaniuliza nimetokea wapi, nikamwambia Ngara, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Siku hiyo hiyo nilipangiwa jikoni. Alisema mtu wa aina yangu akiachwa karibu na usukani, meli itaishia Ngara.

Huko jikoni nikakutana na balaa la pili. Chakula cha meli kilikuwa samaki. Sisi kwetu, mama hakuruhusu samaki kuingia uani. Wazee wa zamani wa kule milimani walimwona samaki kuwa mdudu tu wa majini, na chungu kilichompika hakikurudi ndani ya nyumba, kilivunjwa nje. Na sasa mimi, mtoto wa mama huyo, nilikuwa nakwangua magamba ya sato asubuhi na jioni. Nilipika bila kuonja. Nilitia chumvi kwa kukisia, na kila mlo sajini aligonga sahani yake akaniita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Lakini jiko lilinisaidia. Nilipata debe tupu la mafuta ya kupikia, nikalitoboa chini, nikashuka bandarini nikazoa udongo kati ya majabali ya Mwanza, konzi kwa konzi, nikaupanda mgomba wa mama. Debe nikalificha nyuma ya mashua ya kuokolea watu, upande wa jiko, chini ya turubai. Nikaunywesha maji ya ziwa. Matumbo ya samaki, ambayo nilitakiwa kuyatupa, nikayazika shinani mwake. Ule mgomba haukujua miiko yetu. Ulikula matumbo ya sato kwa uroho mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mama.

Kwa mama niliandika barua kwamba mgomba umepandwa kambini, mahali pazuri, udongo mweusi. Sikuona haja ya kumweleza kwamba shamba lenyewe linaelea. Naye alimwomba mwalimu wa kijijini amwandikie majibu, na kila barua ilimalizika hivi: "Mgomba wa hapa hajambo, anakusalimu." Nililisoma lile neno nikalala usingizi mzuri.

Tatizo la mgomba ni kwamba haujui kujificha. Mwezi wa tatu ulitoa jani pana, la kijani linalong'aa, likapita juu ya turubai likawa linapunga upepo mbele ya meli nyingine zote. Sajini aliliona wakati wa ukaguzi wa asubuhi. Kwanza alisugua macho. Kisha akalishika, akalivuta, akaona debe. Dakika tano baadaye mimi na mgomba tulikuwa tumesimama mbele ya kamanda wa meli.

Kamanda alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyecheka. Tulisema alicheka mara moja tu, siku ya arusi yake, na akajuta.

"Hiki ni nini?"

"Mgomba, afande."

"Naona. Unafanya nini ndani ya meli yangu?"

"Unakua, afande."

Nyuma yangu nilimsikia sajini akikohoa kwa namna ya mtu anayemeza kicheko. Kamanda hakukohoa. Akaniuliza umetoka wapi. Enzi hizo herufi r na l bado zilikuwa zinanipiga chenga nikiogopa, nikamjibu, "Mbari sana, afande." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshapotea, nikamweleza yote: kilima, trekta, vitovu sita, na kwamba nyumbani umebaki mmoja na hapa upo mmoja. Sijawahi kumwogopa adui nilivyomwogopa yule mtu mfupi.

Sajini akapendekeza mgomba utupwe ziwani na mimi niutazame. Kamanda aliligusa jani kwa kidole kimoja.

"Kila kilicho ndani ya meli hii kina kazi," alisema. "Hata panya ana kazi, anakula mabaki. Wakubwa watakuja kukagua mwezi ujao. Mpaka hapo uwe umeutafutia kazi. Usipopata, unautupa kwa mkono wako mwenyewe."

Nilipiga saluti, nikabeba debe langu, nikaanza kuutafutia mgomba kazi kwa bidii kuliko nilivyowahi kujitafutia mwenyewe. Kwanza niliufanya mpishi. Nyumbani ndizi hufunikwa kwa majani ya mgomba ndani ya chungu ili zive kwa mvuke, basi nikakata kipande cha jani nikamfunga sato, nikamfukiza. Sajini alikula akanyamaza. Akaomba tena. Ile ilikuwa siku ya kwanza hakugonga sahani. Lakini nikaona kwamba kwa walaji kumi na wanane mgomba wangu ungebaki uchi ndani ya wiki moja, na kazi inayomuua mfanyakazi si kazi. Nikaacha. Sajini alinichukia upya.

Halafu niliufanya kivuli cha zamu ya mchana. Ulimkinga mtu mmoja tu, tena sikio moja. Nikajaribu kuwashawishi kwamba unaonyesha upepo unakotoka. Fundi wa mitambo akaniuliza kama bendera imefanya kosa gani. Siku zikawa zinayoyoma. Nilikuwa nakwangua samaki huku machozi yananitoka, na nikisema ni vitunguu, ingawa siku hizo hatukuwa na vitunguu.

Ukaguzi haukuja. Ilikuja vita.

Sitajifanya nilijua mengi. Tulisikia redioni kwamba nchi imevamiwa, huko huko mkoani kwetu, Kagera, na kuanzia hapo meli haikutulia. Tulisafirisha watu, unga, masanduku mazito yasiyotakiwa kuangushwa. Kulipokucha tulijibanza kwenye visiwa kwa sababu ya ndege. Amri ikatoka kwamba tuifunike meli kwa matawi ili ionekane ni kisiwa. Sajini alituongoza kukata miti nchi kavu, tukaivika meli kuanzia omo hadi tezi, ikapendeza. Siku ya pili matawi yakanyauka. Siku ya tatu tulikuwa kisiwa cha kahawia chenye bomba la moshi, katikati ya visiwa vya kijani.

Kamanda alisimama mashuani, mbali kidogo, akaitazama meli yake. Nami nilikuwa mpiga kasia wake siku hiyo. Alitazama juu, akatazama chini, na jicho lake likatua penye kitu pekee kilichokuwa bado kibichi meli nzima.

"Mpishi," alisema, "ule mgomba wako umeshapata kazi?"

"Bado, afande."

"Basi umepata. Kaupandishe juu ya chumba cha usukani."

Niliupandisha mwenyewe, debe kichwani, na sajini akanishikia ngazi. Tukaufunga kwa kamba tatu. Kisha kamanda akaamuru madebe yote matupu yajazwe udongo, tukapanda matete, magugu, hata mche wa mpera uliotoka sijui wapi, na mimi, mtu wa milimani, nikateuliwa msimamizi wa yale mashamba. Mabaharia wa Pwani waliokuwa wananicheka sasa walikuja kuniuliza wamwagilie kiasi gani. Niliwajibu kwa dharau iliyonistahili. Mgomba ukapewa cheo cha kuruta. Ulipotoa jani la saba ukapandishwa kuwa koplo, nami nilikuwa bado kuruta, kwa hiyo kila asubuhi sajini alinilazimisha niupigie saluti kabla ya kuunywesha.

Siku moja ndege ilikuja kweli. Ilipita juu yetu polepole, tukiwa tumelala kifudifudi sitahani, hakuna anayepumua. Ikageuka. Ikapita tena. Mimi sikuwa naomba Mungu kwa ajili ya roho yangu, naona aibu kusema. Nilikuwa naombea debe. Ikaondoka. Mpaka leo sijui ilitafuta nini, na pengine haikutuona kwa sababu rubani alikuwa na mawazo yake. Sajini alidai kilichotuficha ni rangi aliyoipaka yeye ubavuni mwa meli. Fundi alidai ilikuwa dua yake. Kamanda hakusema lolote, ila jioni nilimwona akipanda juu ya chumba cha usukani na bilauri ya maji, akiangalia kama kuna anayemtazama.

Kuna safari moja tulibeba askari wa miguu. Walitapika wote, maskini, wengi hawakuwahi kupanda chombo. Mmoja alikuwa kijana wa Bisibo, Biharamulo, karibu jirani yangu. Alitambaa mpaka kwenye mgomba, akaegemea debe, akatulia. Aliniomba kipande cha jani, nikampa. Alikikunja akakitia mfuko wa shati. Alishuka kulipopambazuka na sikumwona tena, wala sikupata mtu wa kumuuliza. Bado namkumbuka, na ninapomkumbuka sina utani.

Vita iliisha. Nilipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, debe lilikuwa na mtoto mmoja imara pembeni. Nilimchimbua, nikamfunga kwa magome kama mama alivyonifundisha. Mgomba mkubwa nilimwachia kamanda. Sajini aliniaga kwa kunigonga mgongoni hadi nikakohoa, akasema nisithubutu kumpikia mtu mwingine sato wa kwenye jani.

Safari ya basi ilikuwa ndefu, nami nikiwa nimevaa sare, mgomba mapajani. Biharamulo tulisimama, nikaingia kunywa chai kwa mama mmoja wa Kiislamu, ukoo wao uliletwa pale na biashara zamani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akautazama mzigo wangu.

"Unaupeleka wapi mwanangu?"

"Ngara, mama."

"Ngara? Kwani huko migomba imekwisha?"

Mgahawani watu wote walicheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba amegusa penyewe.

Mama alinipokea nje ya nyumba. Kabla hajanishika mkono, alikuwa ameshauchukua mgomba. Akaupapasa shina, akafunua gome, akaangalia yale madoa meusi anayoyajua yeye, akaunusa. Nikamwambia niende nikauone wa kwake, yule anayenisalimu kila barua. Mama hakuinua uso.

"Ulikufa," alisema. "Mvua za kwanza tu baada ya wewe kuondoka. Nilimwambia mwalimu aandike hajambo. Ungepiganaje ukijua?"

Nilikaa chini pale pale kwenye changarawe. Nilifikiria kamba tatu, na ndege ikigeuka, na ule mkono wangu mwenyewe ambao nusura uutupe ziwani. Muda wote ule ulikuwa umebaki mmoja tu duniani na ulikuwa ndani ya debe la mafuta. Nikamwambia mama ukweli wangu na mimi, kwamba hapakuwa na kambi wala udongo mweusi. Alisikiliza. Alipofahamu kwamba mgomba wa mama yake umekaa majini muda wote huo, alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akalia.

Tukaupanda nyuma ya nyumba. Tukautilia samadi, majivu, kila kitu anachojua mkulima. Wiki ya kwanza ukainamisha jani. Wiki ya pili ukaanza kugeuka manjano, vile vile kama ule wa kwanza ulivyoanza, alisema mama. Akawa hali chakula. Anakaa karibu nao na kiti chake, anautazama.

"Huko ulikuwa unaupa nini?" akaniuliza siku moja.

"Maji ya ziwa, mama."

"Na nini?"

"Na matumbo ya samaki."

Mwanamke huyu alivunja chungu chake mwenyewe kwa sababu jirani alikiazima akapikia dagaa. Alisimama, akajifunga kanga, akachukua kikapu, akaondoka bila kuaga. Alirudi jioni kutoka mnadani, amefunika kikapu kwa majani ya maboga, akipita nyuma ya nyumba za watu ili asikutane na mtu. Nilisikia harufu kabla sijamwona. Akaniita nichimbe, nikachimba. Akainamisha kikapu huku amegeuza uso na kuziba pua kwa kanga, samaki wakaingia shimoni.

"Usimwambie mtu," alisema. "Huu umekuwa mwanamaji. Mpe chakula chake."

Ukatoa jani jipya mwezi ule. Vitovu vya watoto wangu vimezikwa pale, na mama alikwenda mnadani na kikapu chake kilichofunikwa mpaka miguu ilipomshinda.